Mwongozo wa Hatua kwa Hatua: Siku Moja ya Kutembea Peke Yako, Eldoret hadi Soy

Mwongozo huu ni wa Mtanzania anayeikata Kenya kwa miguu, peke yake, kutoka Namanga kuelekea mpaka wa Suam, na ambaye amelala Eldoret. Unahusu siku moja tu: kutoka katikati ya Eldoret hadi senta ya Soy, kiasi cha kilomita 24 kwenye uwanda wa Uasin Gishu, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa siku nyingine badilisha majina na kilomita, lakini mpangilio wa hatua usiuguse.

Kilomita 24 si nyingi wala si chache. Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, kiasi cha kilomita 220 kwa siku 8. Gawanya: ni kilomita 27 na nusu kwa siku. Lakini Mwalimu alikuwa na msafara, na atembeaye na wenzake husahihishwa. Akipotea huitwa, akisahau maji hupewa, akichechemea huonekana. Wewe huna wa kukuita. Kazi ambayo wenzako wangeifanya utaifanya kwa saa, kalamu na daftari, kila baada ya dakika 50.

Maneno yatakayotumika

*Mwendo*: dakika 50 za kutembea bila kusimama, kwa kasi inayokupa kilomita 4.

*Pumziko*: dakika 10 baada ya mwendo, umekaa, mzigo uko chini.

*Chai*: pumziko moja tu la dakika 30, baada ya mwendo wa tatu.

*Ukaguzi*: kuandika mambo matano kila mwendo unapokwisha: saa, kilomita, maji, miguu, mbingu.

*Mtu wa nyumbani*: mtu mmoja, si kundi, anayepokea taarifa zako na anayejua la kufanya zisipofika.

*Muda wa mwisho*: saa 8:00 mchana. Ikifika, hutembei tena leo, popote ulipo.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 12:45 asubuhi, simu yako itaonyesha 6:45. Saa ya Kenya na ya Tanzania ni moja, kwa hiyo usibadilishe chochote.

Vifaa

Begi moja la mgongoni, lisilozidi kilo 8 maji yakiwemo. Chupa 2 za maji za lita 1. Viatu ulivyokwisha kutembelea angalau kilomita 100. Soksi jozi 3. Koti la mvua. Sweta. Kofia pana. Fulana au mkanda wa rangi inayong'aa. Simu yenye ramani iliyopakuliwa, na betri ya akiba. Saa ya mkononi. Daftari dogo na kalamu 2. Tochi. Filimbi. Plasta ya kitambaa roli 1, sindano 1, spiriti kidogo, pamba. Sukari na chumvi kwenye vifuko viwili vilivyoandikwa majina. Nakala ya pasipoti.

A. Usiku wa kuamkia safari

1. Pima njia. Fungua ramani na upime umbali mara mbili: kutoka mlango wa malazi yako hadi njia panda ya Leseru, na kutoka mlango huohuo hadi senta ya Soy. Leseru ndipo barabara kuu ya kwenda Malaba inapoachana na barabara ya kwenda Kitale. Andika namba zote mbili ukurasa wa kwanza wa daftari. Ramani ikitoa namba tofauti na kilomita 24, fuata ya ramani, kisha gawanya kwa 4 upate idadi ya miendo. Hapa tutaendelea na 24, yaani miendo 6.

Hakikisha: zima intaneti, kisha fungua ramani tena. Isipoonyesha barabara, haijapakuliwa. Rudia.

2. Kagua hati na fedha. Fungua pasipoti kwenye muhuri wa kuingilia Kenya, usome siku ulizopewa, uhesabu zilizobaki. Weka pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya nguo, si ndani ya begi. Nakala ndiyo ikae begini. Andaa shilingi 2,000 za Kenya katika noti za 50, 100 na 200 kwa matumizi ya njiani, na akiba ya shilingi 3,000 mahali pengine mwilini. Noti ya 1,000 ya toleo la zamani ilikoma kutumika mwaka 2019. Ukipewa na mbadilishaji wa pembeni, mrudishie. Kama una laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa pasipoti yako, weka pesa kidogo kwenye M-Pesa, kwa kuwa vibanda vingi vya njiani huipokea.

Hakikisha: taja kwa sauti mahali ulipoweka pasipoti, pesa za njiani na akiba. Ukisita hata kwa kimoja, kipange upya.

3. Panga mzigo. Tandaza kila kitu kitandani, kisome dhidi ya orodha, ndipo uingize. Vizito vikae katikati ya mgongo, koti la mvua likae juu kabisa, plasta na spiriti vikae mfuko wa nje. Pima begi kwa mizani ya duka la nafaka au ya bucha. Likizidi kilo 8, toa nguo, usitoe maji.

Hakikisha: ukiwa umefumba macho, toa koti la mvua begini ndani ya sekunde 20.

4. Mwelekeze mtu wa nyumbani. Mtumie ujumbe mmoja wenye mambo manne: unapoanzia, unapoishia, saa ya kufika, na la kufanya ukikawia. Mfano: "Kesho Jumanne. Eldoret hadi Soy, barabara ya Kitale kupitia Leseru. Nafika saa 6:55 mchana. Saa 10:00 jioni ikipita bila neno langu, nipigie mara tatu. Nisipopokea, pigia malazi niliyolala Eldoret, kisha polisi." Mwandikie namba ya malazi, na ya kituo cha polisi kilicho karibu na Soy, ambayo utamwomba mwenye malazi. Namba za dharura ndani ya Kenya ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, lakini usizitegemee kwa mtu anayepiga kutoka Tanzania. Ndiyo maana unampa namba kamili.

Hakikisha: usilale kabla hajajibu. Alama kwamba ujumbe umesomwa si jibu.

B. Asubuhi

5. Amka saa 11:15 alfajiri. Vaa sweta. Aliyezoea Dar es Salaam au Tanga ataona baridi ya Eldoret kama uadui, kwani alfajiri joto linaweza kushuka karibu nyuzi 10. Kunywa maji nusu lita taratibu. Kula chakula cha nafaka: uji, chapati 2, au mkate na mayai. Nenda haja kubwa kabla ya kuondoka, kwa sababu kando ya barabara hii ni mashamba ya watu, si pori.

6. Funga miguu. Kata kucha za miguu zinazogusa ncha ya kiatu. Kausha kati ya vidole. Bandika plasta pale ambapo jana palikuwa na joto, kabla hapajawa lengelenge. Vaa soksi, ipitishie mikono ili isibaki na kunyanzi kisiginoni, ndipo uvae kiatu.

Hakikisha: simama, panda ngazi moja na kushuka. Kisigino kikicheza ndani ya kiatu, kaza kamba za juu. Vidole vikigusa mbele, legeza za chini.

7. Soma mbingu. Toka nje saa 12:15 uitazame pande nne. Katika uwanda huu mvua kubwa huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Agosti au Septemba, na kawaida yake ni moja: asubuhi nyeupe, wingu zito adhuhuri, radi alasiri. Muda wa mwisho umewekwa saa 8:00 mchana kwa sababu hiyo. Wapagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa waliijua hesabu ya namna hiyo: waling'oa kambi alfajiri na kuutua mzigo kabla ya jua kali.

Hakikisha: kama mvua inanyesha saa 12:45, usianze. Subiri hadi saa 1:45 na si zaidi. Ikipita hapo, siku ya leo ni ya mapumziko.

C. Barabarani

8. Anza saa 12:45 asubuhi. Usianze mapema zaidi, kwani jua huchomoza karibu saa 12:30 na kabla yake dereva hakuoni. Usianze baadaye zaidi, kwani kila dakika unayochelewa unaikata kutoka kwenye akiba. Vaa fulana inayong'aa juu ya begi, si chini yake. Andika saa ya kuondoka. Ratiba ni hii:

Mwendo 1: 12:45 hadi 1:35.
Mwendo 2: 1:45 hadi 2:35.
Mwendo 3: 2:45 hadi 3:35, kisha chai.
Mwendo 4: 4:05 hadi 4:55.
Mwendo 5: 5:05 hadi 5:55.
Mwendo 6: 6:05 hadi 6:55.

Kutoka saa 6:55 hadi muda wa mwisho kuna dakika 65. Hiyo ndiyo akiba yako yote ya siku. Iandike: "Akiba 65."

9. Tembea upande wa kulia. Kenya magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo ukiwa kulia unayatazama yanayokujia. Toka mjini kwa Barabara ya Uganda, uelekee Maili Nne. Kipande hiki hadi Leseru ndicho kibaya kuliko vyote leo, kwani kiko kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba na Uganda. Tembea nje ya mstari wa pembeni. Trela likija, usisubiri likufikie: ondoka hadi ukingo wa majani, geuza uso, shika kofia, lipite. Yakija mawili yakipitana, simama kabisa. Usivae spika za masikioni, hata moja. Boda boda nyingi hupita ukingo huohuo, na baadhi hutoka nyuma yako.

Asubuhi utapitwa na wakimbiaji, wawili wawili au kundi. Hii ni nchi yao, na wengine kati yao wanalipwa kwa miguu hiyo. Wape njia, usiwafuate. Kasi yako ni kilomita 4 kwa mwendo, na mtu akikupita haiongezeki.

10. Fanya ukaguzi kila mwendo unapokwisha. Weka begi chini, kaa, ndipo uandike. Mpangilio haubadiliki: saa, kilomita, maji, miguu, mbingu. Huu ni mfano wa mstari mmoja (Uk. ni ukaguzi):

*Uk. 2 | 2:36 | km 8 | maji lita 1.2 | kisigino cha kushoto chamoto | mbingu nyeupe, wingu dogo magharibi.*

Kilomita zisome kwenye ramani, usizikisie. Maji: kunywa lita 0.4 kila mwendo. Unaanza na lita 2, kwa hiyo ukaguzi wa kwanza unapaswa kusoma 1.6, wa pili 1.2, wa tatu 0.8. Ukikuta maji mengi kuliko hesabu, hukunywa, na kichwa kitauma adhuhuri. Kunywa palepale.

Miguu: neno "chamoto" ni amri, si taarifa. Ukiliandika, vua kiatu ndani ya pumziko hilohilo. Ngozi ikiwa nyekundu tu, kausha na bandika plasta inayovuka wekundu kwa upana wa kidole kila upande. Ikiwa imekwisha kutoa lengelenge dogo lisilouma, liache, lizungushie plasta. Likiwa kubwa na linauma, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni, toa maji, usichune ngozi, funika.

Baada ya kuandika, mtumie mtu wa nyumbani maneno machache: "Uk. 2, km 8, salama." Yeye hahitaji kujibu ujumbe huu.

Hakikisha: hakuna kuruka pumziko. Ukaguzi ulioandikwa ukiwa unatembea hauhesabiki.

11. Salimu kwanza, uliza baadaye. Mtu mzima mwambie "Habari ya asubuhi, mzee" au "mama", unyooshe mkono. "Shikamoo" hapa haina mazoea ya kwetu. Itapokewa kwa tabasamu, wakati mwingine bila jibu. "Chamgei" ni salamu ya Wakalenjin, na "kongoi" ni asante yao. Maneno hayo mawili yanatosha kwa siku moja.

Usiulize "Ni mbali?" Kutoka Pemba hadi Lodwar swali hilo lina jibu moja: "Ni hapo tu." Uliza linaloweza kupimwa: "Matatu kutoka hapa hadi Soy ni shilingi ngapi?" Nauli ikishuka unasogea. Isiposhuka kwa miendo miwili, fungua ramani. Ukitaka mwelekeo, usinyooshe kidole ukasema "Hii ni ya Kitale?", kwa maana mtu mstaarabu atakukubalia. Sema "Barabara ya Kitale ni ipi?", umwache anyooshe yeye.

Ukisimamishwa na askari, simama, vua kofia, toa nakala, na pasipoti ukiombwa. Eleza kwa sentensi moja: umetoka wapi, unaenda wapi, unalala wapi. Usipige picha askari, kambi wala kizuizi cha barabarani.

12. Kunywa chai saa 3:35. Tafuta kibao kilichoandikwa "Hotel". Hapa hoteli ni mgahawa, si mahali pa kulala. Chai bila maelezo ni ya maziwa. Ukitaka ya rangi sema "turungi". Agiza chai moja na mandazi 2 au chapati 1. Nunua maji ya chupa lita 1, ukague kifuniko kama kimekatika kabla hujalipa. Sasa una lita 1.8. Utatumia 1.2, utafika Soy na 0.6.

Kama umetoka jasho sana au kichwa kinauma, changanya mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Kijiko omba cha mwenye hoteli. Usikisie kwa kiganja, kwani chumvi ikizidi inadhuru.

Hakikisha: badilisha soksi. Zilizolowa zifunge nje ya begi zikauke.

13. Geuka Leseru. Kulingana na ulipoanzia, njia panda inaweza kuja kabla au baada ya chai; namba uliyoandika katika hatua ya 1 ndiyo inayokuambia. Kilomita 1 kabla yake acha kutazama simu, anza kusoma vibao. Barabara ya Malaba inaendelea upande wa kushoto, ya Kitale inashika kulia. Kwa kuwa umekuwa ukitembea kulia, huna haja ya kuvuka barabara kuu, ila magari yanayokunja kwenda Kitale yatakatiza mbele yako. Simama, tazama nyuma, mbele, nyuma tena, ndipo upite.

Hakikisha kwa vipimo vitatu: kibao kinasema Kitale, ramani inaonyesha alama yako kwenye barabara ya Kitale, mtu mmoja amekunyooshea bila wewe kumwonyesha. Vikikubaliana viwili tu, usiendelee. Kosa la Leseru ni ghali: kila mwendo unaoupoteza kwenye barabara ya Malaba unaurudia, kwa hiyo unalipa dakika 100 wakati akiba yako ni 65.

14. Kokotoa ucheleweshaji kila ukaguzi. Toa saa ya ratiba kutoka saa halisi. Ukaguzi wa nne ukifanyika saa 5:20 badala ya 4:55, umechelewa dakika 25, na akiba imebaki 40. Andika. Ikishuka chini ya 5, siku imekwisha: nenda steji iliyo karibu, hifadhi mahali hapo kwenye ramani, panda matatu hadi Soy. Kesho rudi kwa matatu hadi alama ileile na uanzie hapo. Hakuna kilichoharibika. Kinachoharibu matembezi ni kukimbia ili kuokoa ratiba, kwani mguu ulioteguka hauponi kwa matatu.

15. Jikinge na radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Sekunde 3 ni kilomita 1. Ukipata 30 au pungufu, ingia ndani ya jengo lenye kuta na paa au ndani ya gari. Usijikinge chini ya mikaratusi iliyopangwa kando ya mashamba, wala chini ya kibanda cha mabati kilicho wazi, wala karibu na waya wa uzio. Subiri dakika 30 kutoka ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, anza kuhesabu upya. Dakika hizo zitoe kwenye akiba, kisha rudi hatua ya 14.

D. Soy

16. Thibitisha kwamba umefika. Soy ni jina la senta, ni jina la wadi, na ni jina la eneo bunge zima. Kibao cha shule au mradi chenye neno "Soy" kinaweza kukusimamisha kilomita nyingi nje ya senta. Usimalize siku kwa kibao. Maliza kwa vipimo vitatu: alama ya ramani iko ndani ya senta, kilomita zimefika zile za hatua ya 1, zikizidi au kupungua kwa 1, wenye maduka wawili, uliowauliza kila mmoja peke yake, wamekuambia "Hapa ni Soy senta."

Usithibitishe pia kwa vitabu vya zamani. Hivyo vitakuambia Soy ni nchi ya twiga, na haikuwa uongo: miaka ya 1970 ranchi moja ya hapa ilikuwa na kundi la twiga wa Rothschild, na ndama mmoja aliyeitwa Daisy alichukuliwa mwaka 1974 hadi Lang'ata, Nairobi, ikawa chanzo cha kituo cha twiga kinachojulikana sasa. Ardhi ikagawiwa, mashamba yakaingia. Leo utaona mahindi, ngano, ng'ombe wa maziwa na nyumba za watu. Kwa mtembezi ni habari njema: hakuna mahali palipo mbali na watu.

17. Chukua malazi kabla ya saa 9:00 alasiri. Uliza "lojingi", neno la hapa kwa gesti. Kabla ya kulipa kagua mambo manne: kufuli la ndani linafunga, dirisha linafunga, bomba linatoa maji, simu inapata mtandao. Kubaliana bei ya usiku mmoja, lipa, pokea risiti. Ukipenda kulala kwenye hema, lisimike ndani ya ua wa mtu aliyekubali kwa maneno yake mwenyewe, usilisimike shambani. Shamba lisilo na mtu si shamba lisilo na mwenyewe.

18. Osha miguu, kisha soksi. Maji ya vuguvugu, sabuni, dakika 5. Kausha. Tazama kila kidole kwa tochi. Andika kila wekundu mahali ulipo: mguu gani, kidole gani. Kesho asubuhi hatua ya 6 itausoma mstari huo.

19. Kula chakula kizito kabla ya saa 2:00 usiku. Ugali, mboga na nyama au mayai. Hapa ndipo pa kuonja mursik, siyo njiani. Ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, ambacho kwanza kimesuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Yakimiminwa hutoka mazito, yenye michirizi ya kijivu, na ule mkaa unausikia puani kabla ya ulimi. Mgeni aanze na nusu kikombe. Tumbo ambalo halijayazoea linaweza kulalamika, na usiku kuna choo karibu.

20. Funga siku. Fanya haya manne kwa mpangilio huu. Kwanza, chaji simu na betri. Pili, jumlisha daftari: kilomita, dakika za akiba zilizobaki, maji uliyokunywa. Tatu, pima njia ya kesho kama hatua ya 1: kutoka Soy barabara inaendelea kupitia Matunda hadi Moi's Bridge, na kwenye ramani za zamani utaukuta mji huo kwa jina la Hoey's Bridge, ni mji uleule, usitafute wa pili. Nne, mtumie mtu wa nyumbani ujumbe wa kufunga: mahali, jina la malazi, chumba, saa ya kuondoka kesho.

Hakikisha: kaa na simu mkononi mpaka ajibu. Ukiwa umelala lakini yeye hajui umelala wapi, hatua ya 20 haijakamilika, na siku bado iko wazi. Akiandika "Nimepata", chora mstari chini ya ukurasa, uzime taa.